Njaa ya Tenda

Kyuso,
18 Januari 2026

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi. Sisi tu wazima, ukiacha mafua ya mume wangu Nthiwa, ambaye ukimsikia akikohoa utadhani ni trekta inakataa kuwaka. Watoto wamerudi shule. Ndengu tumevuna, si nyingi, lakini za kula zipo na za mbegu zipo, na Jumapili tulimshukuru Mungu mpaka sauti zikakauka. Nisalimie majirani wote wa Kikima, umsalimie mchungaji, na yule ng'ombe wako mwenye kiburi.

Uliniambia kwenye simu kwamba jambo zito liandikwe kwa barua, tena kwa Kiswahili sanifu, kwa sababu simu ni ya kuuliza bei ya ndengu. Nimetii. Tena afadhali hivi. Watu wa siasa hawawezi kuisambaza barua iliyofungiwa kwenye kabati lako.

Jambo lenyewe ni hili. Uchaguzi ni mwaka ujao, Agosti, na chama kinataka kujua kabla ya mwisho wa Juni kama nitatetea kiti changu cha uwakilishi wa wadi. Nthiwa anasema niache. Mimi nataka kugombea. Wewe huniita Meya kwa utani tangu siku nilipoapishwa, eti meya hutembea na mkufu shingoni. Haya, mkufu wangu mimi ni jina. Unajua sisi Wakamba kila njaa huibatiza. Ile ya themanini na nne tunaiita Nikwa Ngwete, nakufa nimeshika pesa mkononi. Hii iliyonikuta mwezi wa pili ofisini, mwaka wa 2022, wameiita Yua ya Tenda. Njaa ya Tenda. Watu walipotaka maji ya malori, mimi nilisimama mbele yao nikasema, "Ngojeni tenda." Wakangoja wiki saba. Ng'ombe wakafa.

Jumapili iliyopita kuna mama alikuwa akimwandikisha mtoto wake shule ya Jumapili. Akaulizwa mtoto alizaliwa lini. Akasema, "Wakati wa Tenda." Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha pili. Hakuniona, ama aliniona.

Shangazi, nikitoka sasa nitatoka na jina hilo, na wajukuu wa watu watalitaja nikiwa kaburini. Nikipewa miaka mitano mingine, nitachimba visima mpaka walisahau. Wewe ndiwe uliyenilea baba alipofariki. Niambie, nigombee?

Ni mimi mtoto wako,
Mwongeli


Kikima,
3 Februari 2026

Mwongeli mwanangu,

Barua yako ilitembea siku tisa, kama mgonjwa. Nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa miwani na mara ya pili kwa kalamu nyekundu. Alama kumi na tatu kwa ishirini. "Trekta inakataa" ni aibu. Andika "trekta linalokataa". Na neno ni zabuni! Tenda ni kitendo. Nilikufundisha darasa la sita ukiwa umekaa mbele yangu na meno mawili yamekosekana. Ungewaambia "ngojeni zabuni" hakuna ambaye angeelewa, na njaa ingekosa jina.

Huku mvua imetuzidi, kabeji zinaozea shambani. Ng'ombe amepokea salamu zako na bado ana kiburi. Mwanangu Mulei hajambo. Amenunua lori la tatu, na Desemba alinijengea choo ndani ya nyumba, mimi ambaye miaka sabini na moja nimetoka nje na sijawahi kulalamika. Nashukuru, ingawa usiku nasahau nakwenda kule kwa zamani.

Na hapo ndipo nilipotaka kufika. Umesalimia majirani, umesalimia mchungaji, umesalimia mnyama. Mulei hukumsalimia. Si mara ya kwanza. Nimezitoa barua zako zote kabatini nikaangalia. Mlilala chumba kimoja miaka sita, wewe kitandani na yeye mkekani, kwa sababu nilisema mtoto wa kaka yangu hatalala chini. Leo umekuwa mheshimiwa na ndugu yako hana hata salamu? Aliniambia mwaka ule wa njaa alikuja kuwasaidia na lori lake la maji, ukamfukuza kama mbwa wa jirani. Sikukuuliza wakati ule. Sasa nakuuliza.

Kuhusu kugombea, sina jibu. Swali lako halijakamilika, na mimi sisahihishi swali nusu.

Mlinde Nthiwa na baridi. Mpe tangawizi.

Shangazi yako,
Kavata


Kyuso,
1 Machi 2026

Shangazi mpendwa,

Zabuni, zabuni, zabuni. Nimefanya adhabu yangu. Nthiwa amekunywa tangawizi na anakushukuru. Sasa anakohoa kwa heshima. Mbuzi mmoja amezaa mapacha. Joto limeanza, la kupasua mawe.

Kuhusu lile la ndugu yangu, ni mambo ya ofisi, na ya ofisi yaliisha. Nakuomba tusiyaandike. Kitanda kile sijakisahau. Hakuna siku ninayotandika kitanda changu nisikukumbuke, na nasema kweli mbele za Mungu.

Wacha nikueleze yanayonikuta. Jumamosi tulikuwa na mazishi. Muindi, anayetaka kiti changu, akapewa nafasi aongee, watu wakatulia kama maji ya mtungini. Nilipoitwa mimi, wanawake wakakumbuka sufuria, wanaume wakakumbuka simu. Nikaongea na marehemu peke yake. Muindi hahitaji hata kunitukana. Anasema tu, "Mimi sitawaambia mngoje," na watu wanacheka mpaka wanashikana mabega.

Kuna mzee anaitwa Ndululu. Ng'ombe wake kumi na wanne walikufa mwaka ule, na ndiye wanasema alilitoa lile jina. Tangu siku hiyo ananiita Tenda. Usoni, si kwa kificho. "Tenda, umeamkaje?" Napita karibu na zizi lake nikienda ofisini na linabaki tupu mpaka leo, na sijui nifanye uso gani.

Shangazi, tangu nichaguliwe tumetengeneza barabara ya kwenda zahanati. Kisima kikubwa kina pampu ya jua na maji hayajakatika tangu mwaka juzi. Sijaambiwa asante hata moja. Najua hiyo ni kulia kama mtoto, lakini wewe umenifuta makamasi, nitamwambia nani mwingine? Nataka miaka mitano nisikie asante moja tu, kisha nitakaa kimya.

Nijibu upesi. Juni si mbali.

Mwongeli


Kyuso,
19 Aprili 2026

Shangazi,

Leo ni wiki saba tangu nikuandikie. Wiki saba! Sasa najua walivyongoja.

Nikikupigia unasema uko shambani halafu mtandao unapotea, na wewe Kikima una mtandao kuliko mimi. Nilimpigia jirani yako Muthoki. Akaniambia uliondoka na mkoba mwezi wa tatu, siku kadhaa, hakujua ulienda wapi, na tangu urudi huongei na watu sana. Unaumwa? Kama ni macho tena, sema, nije nikupeleke hospitali. Kama nilikukosea kwa kukataa kujibu lile la ndugu yangu, nisamehe. Sikukataa kwa kiburi.

Mvua ya masika imetunyeshea siku nne. Tumepanda. Ndengu zimechomoza vizuri na tumeshukuru. Zaidi ya hapo sina habari, nina wasiwasi tu.

Mwongeli


Kikima,
10 Mei 2026

Mwongeli,

Mimi mzima. Macho yanaona, hata yasiyotaka kuona. Nimenyamaza wiki kumi na hiyo ni aibu kwa mwalimu. Muthoki alikuambia ukweli, nilisafiri na mkoba. Nilikuja huko kwenu.

Usishtuke. Barua yako ya Machi ilinikera. Umeniandikia "mambo ya ofisi" kama karani! Nikasema, nitaenda nijisikilizie mwenyewe watu wanasema nini juu ya mtoto niliyemlea, nikirudi nijue kama nitamwambia agombee ama apumzike. Niliondoka huko kuja kuolewa mwaka wa sabini na saba. Hakuna anayenijua tena. Nililala kwa mwalimu mwenzangu wa zamani, nikamwapisha asikuambie. Asubuhi nikaazima mtungi wa lita ishirini, nikajifunga leso, nikaenda kupanga foleni kisimani.

Siku ya kwanza nilisikia matusi yako. Sitayaandika, mengine hayana Kiswahili. Siku ya pili nikakaa karibu na mama mmoja anaitwa Syokau, anacheka kwa pua, ambaye mwaka ule alikuwa kwenye kamati ya maji. Nikamwuliza kijinga-jinga, "Huyu mheshimiwa wenu, ni kweli aliwanyima maji?"

"Wewe ni wa wapi, mama?"

"Wa mbali."

"Basi kwa vile ni wa mbali nitakuambia, maana wa hapa nimewaficha miaka mitatu na nusu na tumbo limenijaa. Lori lilikuja. La buluu, limeandikwa MAJI SAFI. Mheshimiwa alipanda ngazi mwenyewe na nguo zake za ofisi, akafungua kifuniko. Aliposhuka uso ulikuwa kama jivu. Mimi nilikuwa chini, nikanusa. Mama, nimelea watoto saba, harufu ya choo sifundishwi."

Nikamwambia pengine lilikuwa na kutu tu.

"Kutu gani! Lilikuwa lori la kunyonya vyoo. Rangi ya buluu ilikuwa nyembamba, ile kazi yake ya zamani unaisoma kwa chini. Mheshimiwa akamwambia dereva, geuza. Mimi akaniambia, Syokau, wakiuliza sema tunangoja tenda. Nikamwuliza, mbona tusimtaje mwenye lori, watu wamchape? Akasema, mama yake ndiye aliyenilea. Ni mtu wa Kikima, jina lake Mulei."

Nilikaa juu ya mtungi. Ulikuwa mtupu, ukabonyea.

Nikauliza la kijinga zaidi: "Na kura mtampa?" Syokau akacheka kwa pua. "Kura? Mimi namshukuru, kila nikiona wanangu wazima namshukuru. Lakini kura nampa Muindi. Ng'ombe wangu wawili walikufa. Shukrani ni shukrani, mama, na kura ni kura."

Nikarudi Kikima. Nikamwita Mulei jikoni. Sikupiga kelele. Nilimwuliza tu, hiki choo ulichonijengea ndani, kikijaa kitanyonywa na lori gani? Akaelewa. Alilia, mtu anayekaribia miaka hamsini. Ananiambia alilisafisha tangi kwa sabuni mara tatu na aliamini limekuwa safi. Nikamwambia, basi ungekunywa wewe kwanza, halafu mimi mama yako, halafu ndiyo uwapelekee watoto wa watu.

Nimekuandikia barua tano nikazichana. Mimi, Mwongeli, nilikaa hapa nikikucheka kuhusu zabuni na tenda. Nilikusema kwa majirani kwamba umepata cheo ukasahau ndugu. Na wewe ulikuwa umelibeba jina la njaa nzima ili mimi nisiione aibu ya mtoto wangu. Nisamehe. Na asante. Naiandika tena pole pole: asante, mwanangu.

Sasa sikiliza. Nitamleta Mulei huko, asimame mbele ya watu wako aseme. Nimemwambia na amekubali. Ukishasafishwa, gombea. Utashinda.

Kavata


Kyuso,
24 Mei 2026

Shangazi mpendwa,

Tu wazima sote. Nthiwa hakohoi. Ndengu zinaweka maua. Barua yako niliisomea garini, njiani, mlango umefungwa, na nililia mpaka mtu akagonga kioo akauliza kama mafuta yameisha. Halafu nikafika pale mtungi ulipobonyea nikacheka peke yangu. Asante kwa kuja. Asante kwa kupanga foleni ya maji na magoti yako hayo. Hukunisahihisha hata herufi moja na hilo limeniogopesha kidogo.

Lakini usimlete Mulei. Tafadhali. Kuna kitu ambacho Syokau hakijui, Nthiwa hakijui, na nilikuwa nimeapa nitazikwa nacho. Ulisema swali langu ni nusu. Nusu nyingine hii hapa.

Karatasi za tenda zilichukua wiki nne. Ndizo nne tu. Zile tatu nyingine zilikuwa zangu.

Siku tatu baada ya kugeuza lile lori, mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni alinipigia simu. Shule yake ilikuwa na lori la maji, safi, la kunywesha wanafunzi, na walikuwa wamefunga. Akasema, mheshimiwa, lichukue bure, weka mafuta tu. Dharura inaruhusu, hakuna sheria ingevunjwa. Nikaogopa. Niliona nikilipokea hili watu watauliza, na lile la buluu lililoonekana barabarani likageuzwa, lilikuwa la nani? Jina la Mulei litatoka, na likitoka litafika Kikima kabla ya maji kufika kisimani. Nilikuwa na cheo mwezi mmoja na nusu. Nikamwambia mwalimu mkuu, na wewe ngoja tenda.

Alingoja wiki tatu halafu shule zikafunguliwa, akalihitaji lori lake. Ng'ombe wa Ndululu walikufa katika zile wiki tatu, Shangazi. Wote kumi na wanne. Kwa hivyo hakuna mtu aliyenipakazia jina. Mzee alilitoa bila kujua chochote na bado akapatia.

Nilitaka kugombea ili nilifute. Nimekaa na barua yako wiki nzima nikaona kwamba nilitaka watu waniambie asante ili nisisikie lile jingine lililo ndani yangu. Asante yenyewe nimeshaipata. Syokau aliisema bila kujua inamfikia nani, na wewe ukaiandika mara mbili. Sikujua inaweza kutosha. Inatosha.

Sigombei. Nthiwa nimemwambia jana usiku, yote, pamoja na mwalimu mkuu. Aliinuka akaniwekea chai. Tarehe kumi Julai nina baraza. Nitawaambia mwenyewe.

Usinichukie.

Mwongeli


Kikima,
8 Juni 2026

Mwongeli mwanangu,

Huku ni baridi ya kuvunja meno. Parachichi zimekomaa, nitakutumia gunia, usiwape wanasiasa.

Kukuchukia? Wacha upuzi. Lakini sitakuambia hukukosea. Ulikosea, na mimi nimo ndani ya kosa hilo, kwa sababu nilikulea ukiamini kwamba kuniaibisha mimi ni dhambi kubwa kuliko zote. Ningependelea kuaibika. Ningeaibika mwezi mmoja, nikalia kanisani, ng'ombe wakaishi. Hilo ungelijua kama ningekuwa mtu wa kuambiwa mambo. Sikuwa. Nilikuwa wa kusahihisha.

Nimefikiria lile neno. Tunasema "tenda wema nenda zako", na hapo tenda ni Kiswahili sanifu, nakubali. Wewe wema uliutenda nusu, kama swali lako. Nusu iliyobaki ni kumwambia yule mzee. Mwambie yeye akiwepo, usiseme tu "wananchi". Halafu ndiyo uende zako.

Nakushukuru kwa kuniambia. Watu wa umri wangu hufichwa mambo mengi, tunaishia kuongea na ng'ombe.

Mulei nimemwambia asije. Amenisikiliza akaenda kwa malori yake. Ni mtu mzima, kamba ya kumfunga sina.

Nakuombea kila asubuhi, tarehe kumi nitafunga.

Kavata


Kyuso,
12 Julai 2026

Shangazi mpendwa,

Parachichi zimefika, mbili tu zilibonyea. Nthiwa anakula tatu kwa siku, anasema umelipa deni la ukimya wako. Sote wazima. Ndengu tumevuna magunia tisa, Mungu apewe sifa.

Baraza lilikuwa Ijumaa. Watu walijaa, kwa sababu Muindi alikuwa ametangaza kwamba nitakuja kuomba kura na wasikose kuona. Nilisimama, nikasalimia, nikasema, "Mwaka ujao sitatetea kiti hiki." Shangazi, walipiga makofi! Sikuwa nimemaliza sentensi. Wanawake walipiga vigelegele vya arusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi lakini si kwa vigelegele, nikajikuta nacheka, na waliponiona nacheka wakachanganyikiwa wakanyamaza.

Hapo ndipo nilipomtafuta Ndululu. Alikuwa mstari wa mbele na fimbo yake. Nikamwambia, "Mzee Ndululu, ng'ombe wako wangeweza kuishi." Nikaeleza, lori la shule, wiki nne, wiki tatu. Nikasema niliogopa kutaja jina la mtu wangu nikamtoa yeye sadaka. Mtu wangu sikumtaja.

Akajitaja. Alikuwa amesimama nyuma kabisa kando ya mlango, na koti lile la marehemu baba yake. Sikujua yupo. Akapita katikati ya watu mpaka mbele akasema, "Lori chafu lilikuwa langu. Mimi ni Mulei wa Kikima. Dada yangu aliligeuza, na mimi nikaenda nyumbani nikamsema vibaya." Syokau akapiga kelele, "Si niliwaambia!" na hakuwa amemwambia mtu yeyote isipokuwa wewe.

Ndululu alikaa muda akichora chini na fimbo. Nilijua anahesabu. Mwishowe akasema, "Kumi na wanne. Na yule mweusi alikuwa na mimba." Halafu akainuka. "Nimeishi chini ya machifu, madiwani, wabunge, na nyinyi wa wadi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama mbele yangu akasema, nilikukosea. Ng'ombe bado nawalilia. Lakini kwa hilo, asante."

Kijana mmoja akasema kwa nguvu, "Kama ni hivyo si agombee tena!" Wengine wakaitikia. Kwanza wachache, halafu wengi, na nilimwona Muindi akikunja karatasi yake. Shangazi, nitakuambia ukweli wote, nilitamani. Miaka mitatu na nusu nimeota sauti ile. Nikaisikiliza mpaka ikaisha, kisha nikawaambia, "Asanteni sana. Hapana." Na nikakaa.

Mtu akauliza kama njaa itabadilishwa jina. Ndululu akasema njaa ikishabatizwa imebatizwa, si mtoto wa kurudisha mtoni. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Itabaki Tenda. Nimekubali.

Mulei alilala kwetu. Usiku tulikaa na Nthiwa tukila parachichi zako na chumvi. Nilimpa kitanda cha wageni akakataa, akasema amezoea mkeka, nikamwambia mama yako akisikia atanichapa, akalala kitandani. Atakuletea barua hii kwa mkono.

Leo asubuhi nilikuwa nikienda kanisani kwa miguu. Nikafika kwa Ndululu. Alikuwa mlangoni pa lile zizi, akiegemea mti wa lango, nami nikaangalia chini kama kawaida yangu, nikingoja lile jina.

Akaniuliza kama mimi mzima, "Mwongeli, wi museo?"

Nikasimama. Nikamwambia, "Ni museo, mzee," nikaendelea na safari.

Mtoto wako,
Mwongeli